Chakula cha Namba Kumi na Saba

Kwa wiki tano mfululizo, kila siku, chakula cha mtoto mmoja kilikuwa kinabaki kwenye sufuria yangu.

Si ukoko, wala si mabaki ya kukwangua. Kipimo kamili cha mtoto mmoja, kimetulia chini pale kinamsubiri mwenyewe.

Nimepika shuleni miaka kumi na moja. Nikikwambia nimepika cha watoto arobaini, jua ni arobaini, mkono wangu haukosei. Kwa hiyo mwanzoni kilinishangaza. Halafu, asikwambie mtu, kikaanza kunifurahisha.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu. Mkitaka kunitukana, nitukaneni, ila msome mpaka mwisho.

Iko hivi. Pale shuleni kuna watoto wanaolipiwa chakula na wazazi wao, na kuna arobaini ambao chakula chao kinatolewa na wafadhili. Zamani wote walipanga mstari mmoja. Wenye viwiko vikali wanapakuliwa mara mbili, na wale arobaini wakifika mbele wanakuta sufuria tupu.

Roho iliniuma. Nikaja na akili yangu.

Nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikapaka doa kwenye ukingo wa kila bakuli la watoto wale arobaini. Kila mtoto anatunza bakuli lake, hivyo doa linatembea naye. Nikawapa mstari wao, sufuria yao, na orodha ya majina yao nikaibandika ukutani karibu yangu. Mwenye doa anakuja kwangu, nampakulia, natia tiki.

Asiye na doa anakwenda kwa mpishi mwenzangu, mzee tunayemwita Babu Mwiko. Yeye hana orodha. Anaangalia bakuli tu.

Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya walimu wote. Kichwa kikavimba.

"Sasa hawa watakula bila kusukumwa," Babu Mwiko aliniambia. Kisha akajikuna shingo. "Ila mama, mbona umewatia alama kama mbuzi wa mnada?"

Nikamwambia apakue, aache maneno.

Haikupita wiki, wale watoto wakapewa jina. Doa. "We Doa, pisha." "Doa, usikae hapa, utatuambukiza."

Nilikuwa nasikia. Nikasema ni utoto, utapita. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba sifa.

Ndipo kile chakula kikaanza kubaki.

Kwenye orodha, namba kumi na saba, mtoto wa darasa la kwanza, hakuwa na tiki. Leo hakuna, kesho hakuna. Nikajisemea huyu ni mtoro. Chakula chake nikakitia kwenye kopo langu, nikampelekea kitinda mimba wangu nyumbani. Alikuwa anakipenda kweli.

Sasa, wiki hizo hizo kuna msichana akanianza. Wa darasa la tano, mrefu, shingo nyembamba. Anakuja mstarini kwangu na bakuli la doa, nikitafuta jina lake halimo.

"Wewe haumo hapa."

"Nina doa, Shangazi."

"Doa unalo, jina huna. Nenda kule."

Anakwenda kwa Babu Mwiko. Babu akiona doa, anamwonyesha kidole huku kwangu. Siku mbili tatu tukamrusha hivyo, Babu akajua ameshakula kwangu, mimi nikajua ameshakula kwake na sasa anataka cha pili.

Baadaye akaacha kusema. Anasimama tu mwisho wa mstari wangu mpaka nifunike sufuria, kisha anakwenda bombani kunywa maji.

Nikampa jina. Mlafi.

Siku moja nikamkuta nyuma ya tangi la maji, ameinama, anakwangua ukingo wa bakuli kwa kizibo cha soda.

"Unafanya nini wewe?"

Akaficha bakuli mgongoni. "Nalisafisha, Shangazi."

"Unasafisha doa?"

"Likitoka hili, tutakula wote."

Sikuuliza hao wote ni akina nani. Lile swali moja lingetosha, na sikuliuliza.

Nikamshika mkono mpaka mbele ya mistari yote miwili. Nikatoa ile rangi, nikapaka doa upya, kubwa kuliko la mwanzo. "Mtazameni mlafi," nikasema. Watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo. Yeye hakulia. Alikuwa anaangalia upande wa watoto wa darasa la kwanza.

Siku ya pili yake, mchana, tukasikia kelele bombani. Mlafi wangu ameanguka, kichwa kimegonga ukingo wa saruji, damu inachanganyika na maji.

Nilipofika nilikuta katoto kamepiga magoti, kamekumbatia bakuli lisilo na doa, punje za wali zingali mdomoni.

"Dada, amka. Dada."

Nikakauliza jina. Kakanitajia.

Lilikuwa jina la namba kumi na saba.

"Mbona huji kwangu kula?"

"Walikuwa wananiita Doa, nikawa sitaki kula. Dada akanipa bakuli lake. Baba anamlipia dada tu, kwa hiyo lake halina doa."

"Na dada yako anakula wapi?"

Kakanishangaa, kama nimeuliza jua linatokea wapi.

"Kwako, Shangazi. Kila siku ananiambia unamjazia mpaka linamwagika."

Jamani.

Kile chakula nilichokuwa nakifunga kwenye kopo kilikuwa chake. Wiki tano amesimama mbele yangu akikiangalia, nami nakibeba nyumbani. Na hakufungua mdomo, kwa sababu angesema, ningemrudishia mdogo wake lile doa.

Zahanati walimshona nyuzi sita. Muuguzi akasema jeraha litapona, lakini njaa ndiyo iliyomwangusha.

Baba yao ni fundi viatu. Alifika na aproni yake, gundi imekauka vidoleni. Nikamweleza kila kitu, doa, orodha, hata kopo. Nilitaka anitukane.

Alibandua gundi kidoleni.

"Nilimuuliza kwa nini anakonda," akasema. "Akaniambia anarefuka." Kisha akanitazama. "Wewe, mama, ungemuuliza tu kama amekula."

Kesho yake nikampelekea chakula mgonjwa. Nilinunua bakuli jipya kabisa, nikalijaza mpaka likafurika.

Alilipokea kwa mikono miwili. Hakula. Akaanza kulizungusha taratibu, macho kwenye ukingo, mpaka akaumaliza wote. Kisha akaliinua juu, akachungulia hata chini.

"Shangazi, na jina langu lipo?"

Nilitoka nje nikalia.

Kabla muhula haujaisha, baba yao aliwahamisha. Sikuwalaumu. Sijawaona tena.

Mimi na Babu Mwiko tulikaa mchana mzima na vizibo vya soda, tukakwangua madoa yote. Sasa mstari ni mmoja na sufuria ni moja. Orodha ya wafadhili iko kabatini kwa mwalimu mkuu, mtoto hajui nani kalipiwa na nani. Babu anasimama mlangoni, aliyekwishakula harudi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo.

Juzi kitinda mimba wangu akaniuliza, "Mama, siku hizi huleti kile chakula cha kwenye kopo?"

Nikamwambia mwenyewe alipatikana. Sikuweza kumwambia kwamba nilimpata akiwa amelala chini.

Ndugu yangu unayesoma, hasa wewe unayegawa chochote kwa watoto: msaada wa mtoto usiwe kitu ambacho wenzake wanaweza kukiona ukingoni mwa bakuli. Na ukimwona mmoja amesimama mwisho wa mstari, kabla hujampa jina, muulize kama amekula.