Jiko Ambalo Saruji Haikulifikia

Mavi ya ng'ombe mabichi, yakichanganywa na majivu na udongo wa kichuguu, hutoa harufu ambayo watu wengi wa mjini huikunjia pua. Mimi ikinifikia nasimama nilipo, hata kama nimechelewa kazini. Ndiyo harufu ya nyumba ya bibi yangu, Bibi Holo, kila kiangazi pamba ilipokwisha kuuzwa na wanawake wa mtaa wetu wa chini, ule unaoteremka hadi mtoni hapa Bariadi, walipoanza kukandika kuta. Leo walikandika kwa Bibi, kesho kwa Mama Ngassa jirani yetu, keshokutwa nyumba inayofuata, mpaka mtaa mzima umalizike. Mavi yaliletwa kwa magunia kutoka kwenye zizi la ndugu zetu kule Nkoma, maji yalichotwa kwenye visima tulivyochimba mchangani mtoni, na sisi watoto tulikuwa mashine ya kuchanganyia: tulikanyaga tope lile tukiimba mpaka magoti yakawa rangi moja na ukuta. Bibi mwenyewe alipaka kwa kiganja, kutoka kulia kwenda kushoto, na ukisimama mbali kidogo uliona alama za mkono wake zimepangana kama magamba ya samaki. Ukuta ulipokauka alichora chini yake mstari mpana wa udongo mweupe, kisha akaketi barazani na kudai chai kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Nyumba ile aliijenga babu, ambaye sikumkuta. Alikuwa mpima pamba kwenye ghala la mnunuzi mmoja, na nyumba za mtaa wetu nyingi zilijengwa na watu wa pamba: wapimaji, madereva wa malori, makarani, wenye maduka. Zote zilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Msingi wa mawe, kuta za matofali mabichi yaliyokaushwa juani, nene kiasi kwamba nililala kwenye ukingo wa dirisha nikiwa na miaka kumi na miguu haikuning'inia. Baraza refu lililoshikwa na nguzo za mbao, milango ya mninga yenye bawaba za chuma zilizolia kila moja kwa sauti yake, matundu ya hewa chini ya paa yaliyopangwa kwa umbo la almasi. Saa saba mchana, jua la Bariadi linapokaanga kila kitu, ndani mwetu maji ya mtungini yalikuwa baridi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nilikulia ndani ya methali hiyo bila kuijua, kwa sababu baba na mama walikuwa walimu huko Maswa na walikuwa wameniacha nimsaidie Bibi.

Nisije nikamchora Bibi kama malaika. Alikuwa na mdomo. Aliweza kumsema mtu asubuhi na mtu huyo akaendelea kusemwa mpaka jioni, hata akiwa ameshaondoka. Aliyekandika vibaya aliambiwa pale pale abandue na aanze upya, awe mkwe au jirani. Wanawake walicheka, wakanung'unika, wakarudia. Kiangazi kilichofuata walikuja tena, kwa sababu kuta za Bibi Holo hazikuwahi kupasuka. Mdomo huo huo ndio uliokuja kumponza, na aliyeubeba kwenda kuutangaza ni mimi.

Mwaka mji wetu ulipofanywa makao makuu ya mkoa nilikuwa darasa la nne. Watu walichanganyikiwa. Wapima ardhi walipita na vyuma vyao, wageni wakatafuta vyumba vya kupanga, bodaboda zikazidi baiskeli, na neno "mkoa" likawa linatiwa kwenye kila sentensi kama chumvi. Ukimwaga maji barabarani unaambiwa huu sasa ni mkoa. Ukifunga mbuzi mbele ya duka unaambiwa huu sasa ni mkoa. Baba mdogo Masunga, mdogo wake baba, alikuwa amepata kazi ya ofisini na viatu vya kung'aa kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilimharibu zaidi. Kiangazi kile, magunia ya mavi yalipofika kutoka Nkoma, alikuja akasimama uani, akaziba pua mbele ya mama yake mzazi.

"Mama, huu sasa ni mkoa," akasema. "Nyumba za tope zinatutia aibu. Nimeleta saruji. Fundi anaanza kesho."

"Unataka kuivalisha nyumba yangu koti la chuma?" Bibi akamuuliza. "Matofali haya ni udongo, Masunga. Udongo unakunywa maji na unayatoa. Ukiuziba utayatolea wapi? Itaanguka."

"Mama, hujasoma mambo ya ujenzi."

"Na wewe umeyasoma wapi? Baba yako alipojenga hapa ulikuwa hujazaliwa. Nakwambia itaanguka."

Wakabishana mpaka Bibi akachoka. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na matope magotini. "Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, "wewe ndiye unayelala humu. Unasemaje?" Nimelirudia jibu langu kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilisema ninataka nyumba ya saruji, kama ya wenzangu shuleni. Baba mdogo akacheka akanipapasa kichwa. Bibi akaingia jikoni.

Fundi alikuja na vijana wake. Wakapigilia wavu wa kuku kwenye kuta zote ili saruji ishike, wakafuta mstari mweupe, wakafuta magamba ya mkono wa Bibi. Matundu yale ya almasi wakayaziba, kwa sababu fundi alisema yanaingiza vumbi. Baada ya siku nne nyumba ilikuwa ya kijivu, laini, yenye pembe kali, na mimi nilijiona binti wa mkuu wa mkoa. Ilipofika zamu ya jiko, kile kijumba cha uani chenye kuta zile zile za babu, saruji ilikuwa imekwisha. Baba mdogo alisema jiko liachwe, nani analiona? Wanawake wa mtaa walikuja kutazama wakasifu, na mwaka huo hakuna aliyekandika. Waliokuwa na watoto wenye kazi waliagiza saruji, wasio nao waliona haya kuonekana na ndoo ya mavi. Desturi ya miaka yote ile ilikufa ndani ya kiangazi kimoja, na hakuna aliyeililia. Mimi nilikwenda kisimani nikawaeleza wenzangu, kwa kucheka, kwamba Bibi yetu mshamba ametamka eti nyumba itaanguka. Nilimwiga hata sauti. Walicheka sana, na walipofika nyumbani waliwaambia mama zao. Ulimi hauna mfupa, na wangu wakati ule haukuwa hata na akili.

Mvua zikaja. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa pili, ukuta wa chumba tulicholala ukaanza kutoa jasho, nguo zikanuka ukungu, na kitandani ulijihisi uko ndani ya chungu kilichofunikwa. Bibi aligonga saruji kwa kidole, akasikiliza, akahamishia kitanda chetu jikoni bila kueleza mtu. Siku moja ya Jumamosi, asubuhi, mvua ikiwa imepumzika, tulikuwa jikoni tunakula michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, kwa chai ya rangi. Nilisikia sauti kama ya ng'ombe anayelala chini. Tulipotoka, ukuta wote wa upande wa mtoni ulikuwa umekwenda. Saruji ilikuwa imevunjika mapande makubwa yenye wavu unaoning'inia, na kutoka ndani yake matofali ya babu yalimwagika kama uji. Hayakuwa matofali tena. Yalikuwa yamelowa miezi miwili mle ndani ya koti lao, mpaka yakarudi kuwa tope. Paa likainama, likafuatia. Tungekuwa bado tunalala mle, ningekuwa na kaburi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa maana nyumba kuanguka ni msiba, ila lililofuata lilikuwa dhambi. Majirani walijaa. Waliangalia kifusi, kisha wakamwangalia Bibi. Mama Ngassa, aliyekandika naye bega kwa bega tangu ujana wao, ndiye aliyefungua kinywa. "Si alisema itaanguka?" akauliza. "Mayu huyu aliitamkia." Yaani mama huyu aliilaani. Neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo. Aliitamkia. Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko hahitaji ushahidi mwingine ili aitwe mchawi. Hakuna aliyeuliza mbona jiko halikuanguka. Hakuna aliyeinama ashike lile tope aone lilivyolowa. Baba mdogo Masunga alifika, viatu vyake vikazama, akasikia wanachosema juu ya mama yake. Nilimtazama usoni. Alijua. Aliliona lile tope kama nilivyoliona mimi, akaona wavu wake wa kuku unaning'inia, na neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Alifuta viatu kwa jani la mgomba, akasema, "Ndiyo hivyo, mambo ya dunia," akaondoka.

Bibi aliishi katika jiko lile miaka sita. Hakuna aliyemfanyia ubaya wa mkono, namshukuru Mungu, kwa kuwa nasikia kwingine wazee kama yeye hawakusalimika. Ila kiangazi kilipofika alikandika jiko lake peke yake. Aliyepita njiani alisema "Mwangaluka mayu", salamu yetu ya asubuhi, huku akiongeza mwendo. Michembe aliyowapelekea watoto wa jirani ilirudishwa sahani ikiwa imejaa. Yule mwanamke aliyekuwa na maneno ya kuwatosha watu kumi akawa anazungumza na kuku. Mimi nilichukuliwa na wazazi nikaenda Maswa, kwa sababu ya usalama, walisema, na niliporudi likizo nilimkuta amepungua kila mara. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni uongo. Kwetu mkuu ndiye aliyesema, na guu lililovunjika lilikuwa lake. Alizikwa kama mtu ambaye watu wanataka wamalize haraka wakanawe mikono.

Nikaenda chuo, nikasomea ujenzi. Siku moja mwalimu alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba ukuta wa matofali mabichi usipigwe lipu ya saruji, kwa kuwa unyevu ukiingia haupati pa kutokea na ukuta utaporomoka. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza la darasa. Sentensi ya Bibi, neno kwa neno, ndani ya daftari la chuo! Yeye aliitwa mchawi kwa sentensi hiyo, na mwalimu analipwa mshahara kwa kuisema. Likizo ile nilikwenda moja kwa moja kwa Baba mdogo nikamweleza. Akanisikiliza akichokonoa meno. "Hayo yamepita, mwanangu," akasema. "Tumwachie Mungu." Mungu hakupiga lipu ile, nikamwambia, nikafukuzwa.

Sasa nafanya kazi hapa hapa Bariadi, na kila siku napita mtaa wetu wa chini. Nyumba za watu wa pamba zimekwisha. Nyingine zilianguka kama yetu, nyingine zilibomolewa, na mahali pake zimepangwa fremu za maduka, za tofali jembamba na bati tupu, ambamo wauzaji hukaa mchana feni likiwapulizia hewa ya moto. Kwenye hoteli mpya ya barabarani wametundika picha kubwa ya mtaa wetu wa zamani, nguzo zake na mabaraza yake, kuwapendeza wageni. Ya kale ni dhahabu, imeandikwa chini. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kuishusha ukutani. Dhahabu gani hiyo mliyoiona aibu ikiwa hai? Lakini nyuma ya fremu za maduka, uani, jiko la Bibi limesimama. Paa nimelibadilisha, kuta ni zile zile za babu. Kila kiangazi nachukua likizo ya siku mbili, nakwenda Nkoma kuleta mavi, nakandika kwa kiganja, kutoka kulia kwenda kushoto.

Mwaka huu Baba mdogo Masunga alinikuta katikati ya kazi. Amezeeka, viatu bado vinang'aa. Alisimama mbali na ndoo, nyuma yake wanawake wawili watatu wakitazama kutoka kwenye kibaraza cha fremu, na Mama Ngassa kati yao, mkongojo mkononi.

"Mwanangu, msomi kama wewe kushika mavi?" akasema. "Nitaleta mifuko miwili ya saruji, tulitengeneze hili jiko kwa heshima ya mama."

Nikanyoosha mgongo. "Baba mdogo, nyumba ya mama yako iliangushwa na nini?"

Akaangalia simu yake. Akaangalia mtoni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, "Ilikuwa saruji."

"Sema kwa nguvu. Mama Ngassa amekuwa kiziwi."

Aligeuka, akapita mbele ya wanawake wale bila kuwasalimu, akaingia kwenye gari. Nami nikachota tope lingine, nikaendelea na ukuta. Nilipofika kwenye kona ya mlango nilisikia mkongojo ukigonga chini polepole, nikaona mkono mkavu, wenye mishipa, umeingia ndani ya ndoo yangu. Mama Ngassa hakuniangalia, wala hakuomba radhi. Alipaka ukuta wa Bibi huku akilia, kutoka kulia kwenda kushoto, kama walivyokuwa wakipaka wakiwa wawili.

Nilimwacha amalize sehemu yake. Halafu nikaikagua, nikamwambia abandue, aanze upya.