Kidonda cha Mzee Audace

Dorice wa Nsemulwa ni mtu wa maneno mengi, hilo tuliseme mapema, na kama kuna ndugu yake anasoma hapa asikasirike. Ukimpa salamu anakurudishia salamu, pamoja na habari ya nani kajifungua mtaa wa pili. Lakini ukiumwa utamtaka yeye. Huu ni mwaka wa sita anazunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli, kizibao cha wahudumu wa afya kifuani na begi mgongoni, anaangalia wagonjwa ambao hospitali imewarudisha nyumbani. Shule aliishia la saba. Watu wanamwita dokta, na yeye anakataa kwa mdomo tu.

Kazi hii aliianza kabla hajaipata. Mama mkwe wake alipopooza, Dorice alimwogesha, akamgeuza, akamlisha miaka miwili mizima, na bibi yule alizikwa hana hata mchubuko. Kwa hiyo alipoitwa semina alikaa kiti cha mbele na kumsahihisha mwalimu. Kwa Dorice mambo ni mepesi: mgonjwa ana mlezi, mlezi akifundishwa vizuri mgonjwa anapona, na kama haponi, basi kuna mtu mvivu humo ndani.

Ndipo akapewa mzee Audace.

Mzee huyu ni wa kule Katumba, katika wale waliotoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania kama mimi na wewe. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia, kikamchukua na ulimi. Mkewe alishafariki, hivyo mwanae Fabrice akamhamishia nyumbani kwake Misunkumilo. Fabrice mwenyewe yuko Kapalamsenga ziwani, ananunua samaki, migebuka, na nyumbani anaonekana mara moja kwa mwezi. Anayeshinda na mzee ni mke wa Fabrice, Séverine, mama Edgar, mwanamke mwembamba asiyependa kuongea. Dorice alipofika kwenye daftari penye neno mlezi, hakumuuliza mtu. Aliandika Séverine.

Sasa hebu sikia kilichomchanganya. Kila Alhamisi akifika anamkuta mzee msafi. Shuka zinanukia sabuni, kucha zimekatwa, uji wa moto uko pembeni na mzee anaunywa mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Akimgeuza, lahaula! Chini ya kiuno, pale mfupa unapokutana na makalio, kidonda cha kulala sana. Wiki ya kwanza kilikuwa doa jekundu. Wiki ya nne unaingiza kidole.

"Mama Edgar, huku unaosha?"

"Naosha, dokta."

"Unamgeuza?"

"Namgeuza."

"Unaangalia nilivyokuonyesha?"

Hapo Séverine anatazama kenchi za paa. "Ndiyo, dokta."

Dorice alimfundisha mara tatu. Mara zote tatu, alipomwita Séverine asogee karibu na kitanda na kuivuta shuka, mzee alilia. Si kwa kuguswa kidonda, maana alikuwa hajaguswa bado. Alilia akimwona mkwewe tu, akageuzia uso ukutani na kupiga godoro kwa ule mkono mzima. Dorice alirudi nyumbani na baiskeli hajui hata kapita njia gani. Mtu anayefua shuka za mzee kila siku, anamchukia vipi? Na kama hamchukii, mzee anamwogopea nini? Usiku alimwamsha mumewe amuulize. Mumewe akasema nao Warundi wana yao, akalala.

Wiki ya sita kidonda kikaanza kunuka, na zahanati wakamwambia wazi kwamba kikiendelea hivyo mzee hatamaliza mwezi. Dorice akapandwa na hasira. Akampigia Fabrice: "Mkeo anamtesa baba yako. Kidonda hakioshwi, na mzee akimwona analia." Fabrice akasema anakuja Jumamosi, na huyo mwanamke atarudi kwao siku hiyohiyo.

Dorice akakata simu. Alikuwa amesema kweli tupu, mbona moyo haukutulia? Kesho yake Ijumaa, siku ambayo si yake, akaamua kwenda bila taarifa, amfume Séverine kwa macho yake apate amani.

Alifika saa nne asubuhi. Hakubisha hodi, Mungu amsamehe. Alisukuma mlango wa chumba cha mzee taratibu akachungulia.

Mzee alikuwa amelala ubavu, na taulo limemfunika uso mzima. Kando yake Séverine kapiga magoti, karai la maji mbele yake, kitenge amekifunga machoni kwa fundo la nguvu nyuma ya kichwa. Alikuwa anaosha kwa kupapasa. Bega, mgongo, mbavu, kwa utaratibu kabisa. Mkono ulipofika kiunoni ukaruka, ukaenda kuanzia tena kwenye paja.

Dorice aliusukuma mlango wote akaingia.

"Mama Edgar," alisema. "Nini hiki?"

Séverine alishtuka, lakini kitenge hakukifungua. "Karibu, dokta."

"Macho umeyafungia nini?"

"Huyu ni databukwe. Baba mkwe. Kwetu mkwe hata jina lake hamtaji. Chakula unamwekea unatoka. Mimi nimwone hivi?"

"Na hilo taulo, nani kamfunika?"

"Mwenyewe. Akisikia karai anajifunika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nimwogeshe. Nikajua ni amri ya serikali."

Dorice alikaa sakafuni kando ya karai. Wiki sita! Kumbe mzee alikuwa analia kwa aibu, na mkwe anatazama kenchi kwa heshima, na yeye katikati yao anavuta shuka na kuhubiri.

"Kidonda unajua kiko wapi?"

"Sijui, dokta. Huko nakwepa. Nilidhani ni kidogo."

Mzee alikuwa anasikia yote. Mkono wake wa kushoto ulitoka chini ya taulo ukapapasa hewani, ukaupata mkono wa Séverine. Yule mwanamke alikaza mwili wote. Tangu aolewe hawajawahi hata kupeana mikono. Mzee akauvuta polepole, akiguna kwa uzito wa kujigeuza, akaupeleka nyuma yake mpaka chini ya kiuno, akauweka palepale.

Vidole vya Séverine vilizunguka ukingo wa kidonda, vikazunguka tena.

"Yoo!" alisema. "Ni kikubwa hivi?" Akaanza kulia chini ya kitenge chake, na mkono hakuutoa.

Dorice alikisafisha mwenyewe kidonda, akakifunga, akatoka uani. Alitoa simu. Hakujua aanze na lipi, maana kila alichomwambia Fabrice kilikuwa kweli na kilikuwa uongo. Akapiga.

"Nimekosea," alisema. "Mkeo hana kosa."

"Umesema mwenyewe kidonda hakioshwi, dada! Sasa nije nisije?"

"Njoo, tena leo. Ila usije kumfukuza mtu. Njoo umwogeshe baba yako, wewe si mkwe."

Nyuma ya Fabrice zilisikika kelele za mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, watu wanapatana bei ya samaki.

"Mimi?" Fabrice akauliza.