Benchi Linalotoa Jasho

Vyerehani vya dada yangu vilioshwa kwa maji ya moto na sabuni siku ya Jumamosi. Mkaguzi wa bima akaja Jumatatu, akavikuta safi, na kwa sababu ya usafi huo dada yangu hakulipwa. Naanza na hili kwa kuwa kila ninayemsimulia hudhani nimeruka kitu katikati. Sijaruka kitu.

Dada alishona nguo za watu kwa miaka mingi katika chumba cha kupanga kule Gatsata, Kigali, juu ya barabara inayoshuka Nyabugogo, amezungukwa na mafundi magari. Sketi zilitoka kwake zikinukia oili, na wateja walimtania kwamba anashonea injini. Alitaka kutoka pale. Alitaka karakana ya sare za shule, na nyumbani kwake Kagarama kulikuwa na banda refu nyuma ya ua linalongoja kazi. Aliagiza vyerehani vya kiwandani kumi na viwili kutoka Asia, vilivyotumika kidogo. Kabla havijapakiwa melini tayari alikuwa na washonaji, wengi wao wakazi wa zile nyumba za Busanza walikohamishiwa watu wa mabanda, akiwafundisha kila Jumapili kwa mashine za kuazima. Hodari kuliko wote alikuwa mama mmoja aliyelelewa Bujumbura, mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Huyo aliacha kuuza nyanya ili ajiunge. Kwa hiyo karakana hiyo haikuwa ndoto ya mtu mmoja, na isipofunguliwa anayekosa si mtu mmoja.

Mimi huandika habari za biashara, kwa hiyo nilikuwa nikiifuata ile meli kwenye ramani ya simu kama mtu anayefuata mpira. Ilipaswa kupita Bahari ya Shamu. Haikupita. Wenye meli waliogopa makombora, wakaizungusha Afrika nzima kwa kusini, majira ya baridi, mawimbi yanapokuwa makubwa kama vilima vyetu. Ucheleweshaji huo bima haikuugusa, maana bima za mizigo kwa kawaida hazilipii kuchelewa. Ada ya hatari za vita iliongezwa hata hivyo, nasi tukailipa kwa ajili ya njia ambayo meli haikupita. Nilimuuliza wakala wa bima sababu. Akaniambia, "Kaka, hatari haiulizi njia."

Wakala huyo ndiye aliyemuuzia dada bima yenyewe. Nilikuwepo. Alikuwa kijana wa shati jeupe, mwenye heshima, na alizungumza nasi Kiswahili alipogundua tumekulia Tanzania.

"Mama, hii kubwa inayobeba kila kitu ni ya watu wa dawa na simu," alisema. "Wewe una vyuma. Chuma kitafanywa nini? Chukua ya kati. Moto imo, meli kuzama imo, maji ya bahari yamo."

"Maji yamo?" dada aliuliza.

"Yamo, Mama."

Maji ya bahari. Ndivyo alivyosema na ndivyo ilivyoandikwa. Mvua haikuwemo, lakini nani angewaza mvua wakati anakata bima ya meli?

Kontena lilifika kutoka Dar es Salaam Ijumaa asubuhi. Dereva, Mtanzania mnene mwenye kikohozi, alitukabidhi huku akituonyesha lakiri ya mlangoni. "Mnaiona? Nzima. Mimi nimebeba sanduku, ndani simo." Mlango ulipofunguliwa yalitoka maji. Hayakuwa mengi, yangejaa ndoo mbili hivi, lakini yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na baada yake ikaja harufu ya kutu. Vyerehani vilikuwa ndani ya masanduku ya mbao, na mbao zilikuwa zimelowa hadi kuvimba. Niliingia ndani, nikamwomba dereva anifungie mlango. Kwenye paa, gizani, niliona vitundu vitatu vya mwanga. Nilivipiga picha. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba tundu halichagui maji.

Kontena ilibidi lirudishwe siku hiyohiyo, maana lilikuwa mali ya kampuni ya meli na kila siku ya kulikalia ina gharama. Vyerehani vikabaki uani. Dada akampigia wakala.

"Pole sana, Mama. Mkaguzi yuko Rusumo kwenye lori lililopinduka. Jumatatu atakuwa kwako. Ila linda mali isiharibike zaidi. Hilo ni sharti la bima, ufanye kama vile huna bima kabisa."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, simu ikiwa kwenye spika.

Jioni akapita kiongozi wa mtaa, mama mtaratibu ambaye sote humwita Mudugudu kwa cheo chake. Alisimama langoni akitazama yale maji mekundu yakichuruzika kwenye mfereji hadi barabarani.

"Mama, pole na hasara," alisema. "Lakini uchafu huu. Kesho ni umuganda, mtaa mzima uko nje. Tukimaliza kazi ya barabara tutakuja kukusaidia."

Na kweli walikuja. Anayeishi Kigali anajua Jumamosi ya umuganda, ya mwisho wa mwezi, ilivyo: maduka yamefungwa, watu wako nje na majembe na mifagio, na mkutano wa mtaa hufuata. Mkutano ulipokwisha waliingia uani kwa dada wakiwa na brashi na mabeseni. Washonaji wa Busanza nao walikuwa wamekuja, wengine kwa miguu. Wakafungua masanduku na kutoa mashine, wakabandua vifuniko. Kutu ikasuguliwa, kila tundu likasafishwa kwa maji ya moto na sabuni, halafu mafuta ya taa, halafu oili. Ua ulinukia Gatsata. Mama yule wa Busanza alinyanyua kichwa cha cherehani kinachong'aa, akakigeuza juani, akamwita dada 'bosi' kwa Kirundi.

"Mabuja, angalia! Hiki kimeoga kuliko bwana wangu."

"Basi olewa nacho!" mwingine akajibu, na ua mzima ukacheka.

Mbao za masanduku wakagawana. Nani huku anaacha mbao nzuri zioze? Dada aliwapikia chai, akalia kidogo, kilio cha mtu aliyesaidiwa. Sijawahi kuona hasara ikipokelewa vizuri namna ile, na sitaki kuiona tena.

Mkaguzi alifika Jumatatu kama wakala alivyoahidi. Alikuwa mzee mwenye miwani, mpole, asiye na haraka. Alizunguka mashine zilizopangwa bandani na kitambaa chini yake, akatoa kichupa chenye dawa isiyo na rangi. Alitueleza kazi yake bila kuficha: unafuta chuma kwa pamba yenye maji safi, unakamulia maji hayo kwenye kikombe, unadondoshea dawa. Kama kuna chumvi ya bahari, maji hugeuka maziwa. Kama ni mvua, hukaa vilevile.

Alijaribu mashine zote. Vikombe vilipata ukungu kidogo tu.

"Hata maji ya bomba hufanya hivi," alisema. Kisha akamgeukia dada. "Mama, nani amevisafisha?"

"Majirani. Mtaa mzima, Mzee. Tuliambiwa tulinde mali."

"Mmeilinda," alisema. "Mmeilinda sana." Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli.

Kontena nalo lilikuwa limekwisha oshwa na kuzibwa paa kule linakohifadhiwa. Taarifa ya kampuni ya bima ikaja: maji yaliyoingia hayakuthibitika kuwa ya bahari, huenda mvua ilinyesha juu ya kontena bandarini au njiani, na mvua haimo. Kuhusu kuosha, walisema mwenye mali alibadilisha hali ya mali kabla ya ukaguzi. Nilimpelekea wakala swali moja: mtu atailindaje mashine isishike kutu bila kuifuta maji? Jibu lake lote lilikuwa kwamba nilichouliza ni cha msingi.

Wenye meli tuliwadai pia. Wao walijibu kwamba bahari ilichafuka mno kusini mwa Afrika, mawimbi yakapanda juu ya makontena, na hilo ni kudra, si kosa lao. Nikadhani tumeokoka: mwenye meli mwenyewe anataja mawimbi! Lakini aya ya pili ilisema kontena letu lilitoka mikononi mwao likiwa zima na kavu. Basi bahari ilichafuka walipotaka kujitetea, ikatulia tulipotaka ushahidi.

Kutu ilirudi baada ya wiki chache. Ilianzia ndani, kwenye viungo ambavyo brashi haikufika, na mashine zikakwama moja baada ya nyingine. Dada akarudi Gatsata, kwenye chumba kilekile, kwa kodi iliyopanda. Washonaji walisubiri, kisha wakatawanyika. Mama wa Busanza akarudi kwenye nyanya, na wateja wake wa zamani walikuwa wameshapata muuzaji mwingine.

Nilimtembelea msimu wa mvua, kumpelekea salamu na sukari ya dada. Alinikaribisha barazani kwenye benchi, nami nilipokaa akapiga kelele.

"Kaka, subiri! Usikae na hiyo suruali. Benchi hii ina ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Inatoa jasho. Jua likiwaka iko sawa, inaota unga mweupe tu. Mvua ikija, inalowa yenyewe, na iko ndani ya baraza! Watoto wanaenda shule na alama nyeupe matakoni. Mwalimu ameuliza kama tunalala kwenye chokaa."

Nilipapasa ubao. Ulikuwa na unyevu na baridi. Niliweka kidole ulimini.

"Weh! Unalamba benchi?" alisema. "Sukari umeleta mwenyewe, ungeomba chai."

Ilikuwa chumvi. Chini ya ubao bado ulionekana muhuri wa kiwanda uliochomwa kwenye mbao zote za masanduku yetu.

Tulilibeba benchi hilo hadi kwa mkaguzi, mimi na dada, juu ya paa la gari la kukodi. Mzee alikwangua ubao upande wa ndani, akaloweka unga wake, akadondosha dawa. Kikombe kikawa cheupe kama maziwa ya mtoto. Alivua miwani, akaandika, akatupa nakala. Siku hiyo dada alinunua samosa njiani na kula mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Ijumaa ile.

Ofisini kwa kampuni ya bima tulipokelewa na mkubwa wa madai. Alisoma ripoti hadi mwisho.

"Mbao hizi zilikaa nyumbani kwa watu kwa miezi," alisema.

"Shefu, Kigali hakuna bahari," dada alimjibu.

"Lakini chumvi ipo, Mama. Iko kila duka."

Mimi nilimwangalia dada, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewesha hata kodi ya chumba, akiambiwa kwamba alikwenda dukani kununua chumvi ya kupika, akaipikia benchi. Mkubwa yule akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetenda wema, kwamba benchi litapelekwa maabara nje ya nchi, ili ijulikane kama chumvi yake ni ya bahari au ya jikoni. Tulisaini, tukaliacha pale.

Sheria inatupa mwaka mmoja tangu kupokea mzigo kuwafikisha wenye meli mahakamani, na mwaka huo unakwisha mwezi ujao. Wakili anasema bila majibu ya maabara hana la kusimamia. Maabara haijajibu. Vyerehani bado viko bandani Kagarama, vimefunikwa, na dada huvipaka oili kila Jumapili, maana bima bado inamtaka ailinde mali.

Wiki iliyopita nilikutana na yule mama wa Busanza sokoni. Hakuuliza kesi.

"Kaka, watoto wanakaa chini," alisema. "Benchi yangu inarudi lini?"

Nilipiga simu ofisini kuuliza. Waliniambia limekwisha ondoka Kigali, ila hawajui kama limefika.