Ukuye na Kinga

Baba wa mchumba wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kwa Kiswahili cha Kivu. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, na Kiswahili changu ni cha shule na cha redio. Nilidhani tunaelewana. Mwezi wa kumi, mwaka 2015, nilimpigia simu kutoka Westerville, Ohio, nikamwambia kwa heshima zote kwamba ningependa kuja kwake Lackawanna, New York, tuzungumze kuhusu binti yake.

"Bon," akasema. "Ukuye samedi asubui. Tutaenda kuzunguka lac, kule mu milima. Na ukuye na kinga."

Nikaitikia ndiyo, mzee, nitakuja Jumamosi na kinga, naye akakata.

Binti mwenyewe alikuwa Louisville, akikaa kwa shangazi yake kule Highview na kufanya kazi ya kutunza wazee. Tulijuana kwenye harusi moja mjini Columbus. Nilikuwa nimeshaenda Highview mara mbili kujieleza kwa shangazi, nikalishwa fufu na sombe, ugali na kisamvu chao, hadi nikashindwa kuinuka, na shangazi hakunificha kitu: yeye hana neno, mwenye neno ni papa, baba wa binti. Alishawahi kuja mwingine kabla yangu, mhandisi, akapewa chai na kurudishwa kwao. Nilipomuuliza binti atafanya nini nami nikirudishwa, alinitazama bila kutabasamu. "Papa alinilea ye moja," akasema. "Akisema non, ntalia, lakini itakuwa non."

Kwa hiyo nililichukulia agizo la kinga kwa uzito wote. Nililizungusha kichwani siku nzima ofisini. Kinga ni kitu cha kukukinga. Ipo kinga ya maradhi, na ipo nyingine ambayo kijana haijadili na baba wa msichana hata kwa bunduki. Lakini mzee alitaja milima na ziwa, nami nilikuwa nimesikia kwamba huzunguka huko kwa baiskeli, basi nikahitimisha kuwa baiskeli atanipa yeye, na kinga ni kofia ngumu. Nilimsifu moyoni. Nikasema huyu kweli ni mzazi, anataka mkwe mwenye tahadhari. Ningeweza kumpigia binti nikamuuliza, lakini kiburi changu kilikataa. Nilinunua kofia mbili za baiskeli, yake na yangu, na vikinga vya magoti na viwiko juu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka rafu ya chini kabisa ya duka.

Nilifika Lackawanna Jumamosi kukiwa bado na ukungu. Mzee alikuwa amesimama mbele ya nyumba na baiskeli yake, yenye matairi mapana na keria ya chuma aliyoichomelea mwenyewe nyuma. Alilizunguka gari langu mara mbili, akatazama juu ya paa, akachungulia viti vya nyuma.

"Kinga iko wapi?" akauliza.

Nikafungua buti kwa madaha. Akaziangalia kofia, akaangalia vile vya magoti, kisha akaniangalia mimi.

"Hii ni nini?"

"Ni kinga, mzee. Helmet. Moja yako, moja yangu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, akashika tandiko la baiskeli yake kujiegemeza, kisha akalipigapiga lile tandiko kama mtu anayemtambulisha ndugu. "Hii," akasema, "hii njo kinga."

Ndivyo nilivyojua kwamba kwao kinga ni baiskeli. Nilikuwa nimeendesha saa tano kuja kuposa bila kitu pekee nilichoagizwa. Nilitamani kurudi Ohio kinyumenyume. Nikamsihi angalau avae kofia yake, akaigonga kwa kidole. "Sufria ni ya mu jikoni," akasema. Kisha akaifunga baiskeli juu ya gari langu kwa kamba, mafundo ambayo sijawahi kuyaona, akaingia akakaa. "Bon. Utapanda nyuma."

Ziwa lile liko kusini, milimani, karibu na mpaka wa Pennsylvania. Nimekaa Marekani miaka mingi nikidhani nimeiona: barabara kuu, maduka, maegesho. Siku hiyo nilishuka garini nikasahau kufunga mlango. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka mekundu na manjano kutoka ukingo wa maji hadi vileleni, na ziwa lilikuwa limetulia kiasi kwamba milima yote ilikuwa imo ndani yake kichwa chini. Moshi wa ukungu ulikuwa ukipanda juu ya maji taratibu. Mimi, ambaye kwetu naitwa kasuku, nilisimama tu na kofia mbili mkononi.

"Panda," mzee akasema.

Nikapanda keria, mtu mzima na digrii yangu, kofia kichwani, ile ya pili nikiwa nimeitundika mkononi kama kikapu cha sokoni. Utotoni Busia nilibebwa hivyo mara nyingi kuvuka mpaka, lakini wabebaji wale walikuwa vijana na barabara ilikuwa lami. Huyu alikuwa na mvi, na chini yetu ilikuwa changarawe tupu. Alikanyaga pedali bila kuhema. Mawe yalikuwa yakirukaruka pembeni, naye aliyasoma mapema, akipita kulia, akipita kushoto, gurudumu halikutetereka. Nilikuwa nimekuja kumhurumia mzee, nikajikuta namstaajabia.

Waendesha baiskeli walitupita, wazungu waliovaa nguo za kubana na baiskeli nyepesi. Mmoja alipunguza mwendo akatutazama sana, akasema kitu kuhusu uzito. Mzee akamjibu kwa Kiingereza chake: "He is not heavy. He is only long."

Kilichonishangaza zaidi ya ziwa ni kwamba mzee alikuwa amelipatia ziwa hilo majina. Tulipopita daraja la mbao akanyoosha kidole: "Hapa ni Katana." Kwenye kona yenye misonobari: "Kalehe." Mbele zaidi, panapoanza kupanda: "Pale njo Nyabibwe. Kisha Minova." Nikaelewa kwamba alikuwa amelitandaza Ziwa Kivu juu ya ziwa hili, ukingo wa magharibi wote, na kila Jumamosi alikuwa akiisafiri barabara yake ya zamani, ile aliyoipita miaka mingi akibeba maharage na chumvi. Niliyatazama maji yale ya New York na sikuyaona tena kama maji ya New York.

Kwenye mlima wa Nyabibwe nilishuka bila kuambiwa, nikaweka mikono kwenye keria nikasukuma. Hakuniambia niache. Ulikuwa mlima mrefu. Katikati, mimi nikihema kama mbwa juani, akaanza kuzungumza akitazama mbele.

"Hapa njo nilimubeba," akasema. "Ku hii montée. Alikuwa na miaka ine. Mama yake tulikuwa tumeisha kumuzika. Nilitupa maharage yote, nikamufunga ku porte-bagages na kitenge. Tulikimbia vita usiku na muchana. Donc kushuka upande wa Minova, frein ikakatika."

Nikauliza ikawaje bila breki.

"Hatukuanguka," akasema. "Lakini alilia mupaka akanyamaza. Njo ile kunyamaza ilinitisha."

Mikono yangu ilikuwa juu ya chuma cha keria, mahali pale pale pa kufungia kitenge, ingawa baiskeli hii ilikuwa nyingine na nchi nyingine. Nikamwona mchumba wangu wa miaka minne. Machozi yalinitoka na nikashukuru kwamba niko nyuma. Nilielewa kwa nini yule mhandisi alirudishwa, na nikaogopa kweli kweli, maana sikujua mimi nina nini cha kumzidi mhandisi. Nimekuja kuomba kupewa mtu aliyebebwa hivyo, na nimeleta vikinga vya magoti.

Tukafika kileleni. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, na barabara ya changarawe iliteremka kwa kona tatu hadi ukingoni. Hotuba niliyoiandaa njiani tangu Westerville ilikuwa na utangulizi, sehemu tatu na aya ya Biblia. Nikafungua mdomo.

"Mzee, nilikuwa nataka kusema kwamba..."

"Najua," akasema.

Akasimamisha baiskeli. Akanishika kiwiko, akanivuta mbele, akaiweka mikono yangu kwenye usukani, mmoja mmoja. Akakagua breki zote mbili, ya mbele kisha ya nyuma, na akarudia. Halafu akanyoosha mkono kwenye ile kofia niliyokuwa nimeibeba asubuhi yote.

"Lete kinga yako," akasema.

Hakusema sufuria. Alisema kinga, kwa Kiswahili changu. Akaivaa kinyume, kisogo mbele, nikaigeuza, nikamfunga mkanda chini ya kidevu, naye akainua kidevu na kungoja mpaka nikamaliza. Kisha akazunguka nyuma akakaa kwenye keria. Nikasikia chuma kikilalamika kidogo. Mikono yake ikanishika kiunoni.

"Mutoto yangu anaogopaka muteremuko," akasema mgongoni kwangu. "Ujue ile."

"Nimejua, papa."

Nikashika breki zote mbili na kuanza kumteremsha, polepole, kuelekea Minova.