Nicanor wa Mpingo

Kitheka alichonga wazee wenye mikuki, na wote walikuwa na sura moja. Mimi nilishona viatu kando yake pale stesheni ya Thika, mwaka wa hamsini na sita, na kila siku nilimchokoza kwamba wazee wake ni wa tumbo moja. Hakukasirika. Kwao Ukambani alifundishwa kichwa kimoja tu, akakichonga mpaka mikono ikawa inaenda yenyewe. Abiria walinunua, basi abadilishe kwa nini?

Kisha akaja Nafuna, mchuma kahawa wa Ruiru, mjane mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya reli. Mumewe, Nicanor, alikufa kwa homa ya mapafu kabla binti yao Perez hajazaliwa, na hakuacha hata picha moja. Sasa mtoto alikuwa na miaka minne na kila siku aliuliza baba alikuwa mtu wa namna gani.

"Nichongee yeye, fundi," Nafuna alisema. "Mimi nikijaribu kumwelezea mtoto, nashindwa."

Kitheka akauliza pua, akauliza masikio, akauliza kidevu. Nafuna alipoletewa sanamu alicheka hadi akakaa chini.

"Huyu ni padri! Bwanangu hakuwa mtu ya kutulia hivi."

Ya pili ilikuwa mzee yule yule, ila amenyang'anywa mkuki. Safari hii Nafuna alicheka kidogo tu, kisha akajifuta macho kwa leso. Iliniuma sana, nikamgeukia Kitheka kwa hasira.

"Wewe unatafuta pua, na mtu hayuko kwa pua! Enda uliza wale walifanya kazi na yeye."

Jumapili tukaenda shambani Ruiru. Dalmas, aliyefanya kazi na Nicanor kwenye mtambo wa kahawa, hakueleza kitu. Alisimama tu akamwigiza: bega limeegemea mlango, miguu imepishana, kofia imesukumwa kisogoni, tumbo mbele kama mwenye shamba. Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akamsahihisha.

"Legeza magoti, Dalmas! Na shingo vuta, kama anasikiliza mambo ya majirani."

Kitheka hakuuliza tena habari za pua. Alichonga wiki tatu, na uso akaugusa mara chache tu, akauacha. Niliogopa Nafuna atasema kazi haijaisha.

Tulimkuta ndani, akichambua maharagwe na Perez. Sanamu haikuweza kusimama bila kuegemea kitu, kwa hiyo Kitheka akaiegemeza mlangoni. Nafuna akainua macho.

"Ai, wewe! Mara ngapi nimekuambia usisimame kwa mlango, unanifungia mwanga?"

Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, maharagwe yakamwagika.

Perez akageuka kutazama. "Mama, unamgombeza nani?"

"Baba yako," akasema Nafuna.