Trekta Linalosukumwa na Waliolisubiri

Saa kumi na mbili asubuhi, Anselmi Lukasi anapanda trekta na kukaa. Nyuma yake wanakijiji wanaegemeza mabega kwenye chuma chenye umande. Ufunguo unaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya katani, na haufanyi kazi yoyote.

"Haya, sukumeni," anasema bila kugeuka.

Trekta linateremka mlimani, linakohoa, kisha linawaka. Wasukumaji wanabaki wameinama, wakihema. Mmoja wao ni mkewe, Agnesi, ambaye anachechemea tangu gurudumu lilipomgonga mguu akisukuma mwaka jana. Kijana mmoja anampungia dereva mkono: "Shikamoo, Mzee Chumvi." Anselmi anajibu marahaba. Shikamoo haikataliwi, hata ikija na tusi ndani.

Hiki ni kijiji cha ujamaa upande wa Zombo, na mvua za mwaka huu wa 1976 zimekaribia. Familia hizi zilihamishiwa hapa miaka miwili iliyopita kwa ahadi ya bomba, zahanati na trekta. Bomba bado, zahanati bado. Trekta lilikuja, na Anselmi, aliyekuwa dereva katika shamba la mkonge huko Rudewa, akakabidhiwa.

Mwanzoni liliwaka kwa ufunguo. Kisha maji ya betri yakaisha. Anselmi anasema aliyaomba kwa wakubwa mara tatu, akaambiwa asubiri. Fundi aliyemfunza kazi alimkataza kutia maji ya kisima, ila hakumweleza sababu.

Sababu alidhani ameipata kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Mwalimu Gabrieli aliunganisha mawe ya tochi, waya, balbu ndogo na misumari miwili, akaichovya misumari kwenye bakuli la maji. Balbu ikagoma. Akatia sukari, ikagoma. Akatia chumvi, ikawaka. Akaongeza chumvi, na mwanga ukaongezeka. Wazee wazima walipiga makofi kama watoto. Mwalimu akawaeleza kwamba chumvi iliyoyeyuka ndiyo inayopitisha umeme, na maji matupu hupitisha kidogo mno.

"Nilirudi nyumbani nina akili mpya," anasema Anselmi. "Nikasema, kumbe hii betri haina shida ya maji. Ina njaa ya chumvi."

Agnesi ndiye aliyemchotea chumvi jikoni, na Anselmi akaitia kwenye betri pamoja na maji. Asubuhi ile trekta liliwaka, Anselmi akacheka peke yake shambani. Jioni betri ilitoa harufu iliyowasha macho, na haukupita muda ikafa kabisa. Betri ilikuwa na tindikali yake tayari, nayo ndiyo inayopitisha umeme humo. Kilichopungua ni maji tu. Chumvi ilikwenda kula vibao vya madini ya risasi vilivyomo ndani.

Mwalimu hakudanganya, na hilo ndilo linaloudhi. Mtu aliambiwa asome, akasoma, akatumia alichosoma, na msimu ule, kabla hawajaanza kulisukuma, kijiji kizima kikalima kwa jembe la mkono. Wote wanamcheka. Hakuna anayeuliza yale maji ya betri aliyoyaomba yaliishia wapi.

Mwezi uliopita betri mpya ilifika, akina mama wakapiga vigelegele. Kuifungua, kavu. Tindikali, waliambiwa, hakuna. Sasa betri hiyo inazuia mlango wa ofisi ya kijiji usibamizwe na upepo. Halmashauri ya kijiji imepitisha kwamba Anselmi asiiguse.

"Sawa tu," anasema, akitazama pembeni. "Hata mimi nisingejiruhusu. Lakini mguu wa mke wangu hausubiri kikao."

Wiki hii anakwenda Mikumi kwa baiskeli. Huko yupo dereva wa lori, mwenzake wa zamani wa Rudewa, aliyemwahidi dumu la tindikali.

"Nikirudi nayo, atamimina Agnesi, watu wote wakiona," anasema. "Mkono wake wanauamini. Ndio unaosukuma."

Agnesi, akikaza kitambaa mguuni, anakubali kwamba atamimina. Ila chumvi ya jikoni, anasema, ataendelea kuificha.

Anselmi hacheki. Anaushika ufunguo kifuani.

"Huu nitaugeuza mwenyewe. Likigoma, yeye atapanda kwenye kiti, mimi nitashuka nikasukume."