Magunia ya Mbegu Ukutani

Kuna siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani hata nikiwa na homa: siku niliyoifungisha timu yangu mwenyewe kwa magunia ya mbegu za pamba.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Bariadi na malori yao. Ghala la ushirika likabaki na popo tu. Mvua za kupandia zilipofika, kiwanja kikawa tope la kumeza fahali na pembe zake, basi vijana tukaomba ghala tucheze humo ligi ya watu watano watano. Sakafu ya saruji, kuta nne, mpira hautoki nje. Bingwa angepewa maksai wawili wa kulimia, na sisi wa Dutwa kwetu tulilima kwa jembe la mkono. Kapteni nilikuwa mimi. Shuti langu, usicheke, lilitoboa bati la paa tukanyeshewa msimu mzima.

Kisha akaja Shija, aliyehamia kwetu kutoka Lamadi na mama yake muuza dagaa. Mwembamba kama ufito, lakini ukuta aliujua. Sisi tuliuona kama mwisho wa uwanja. Yeye aliugongesha mpira, akamzunguka beki, akaupokea mbele. Watu wakaanza kusema, "Dutwa wako sita, watano na ukuta." Shuti langu halikutajwa tena. Mama yangu mzazi akawa anampakulia Shija paja la kuku, mimi shingo. Wivu ukanishika, hata shingo yenyewe nikawa namtupia mbwa.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Mwandoya, na kuandaa ghala ilikuwa zamu yetu. Mnunuzi mmoja alikuwa amehifadhi pembeni magunia ya mbegu. Asubuhi nikawahi peke yangu, nikayaburuta hadi ukuta wa kulia, pale Shija alipopapenda, nikayapanga. Gunia la mbegu halirudishi mpira, linaumeza. Nilitaka akosee mara moja tu, halafu mimi nifunge la ushindi, watu wamkumbuke kapteni wao.

Mzee Ngasa, mtunza ghala, akanikuta nimelowa jasho.

"Mwangaluka, kapteni," akanisalimia Kisukuma. "Ya nini hayo?"

"Ya watazamaji kukalia, babu."

"Watakalia ndani ya uwanja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tukawa sare ya bao moja kwa moja hadi dakika za mwisho. Shija akakimbia kulia, akapiga ukutani kama kawaida yake. Mpira ukafia kwenye gunia. Mtu wa Mwandoya akauokota kwa mguu, akafunga, na maksai wakaondoka wakitikisa mikia.

Shija akanifuata, macho chini. "Kaka, nisamehe. Magunia niliyaona, nikadhani nitayakwepa. Nimewaponza."

"Usijali, mdogo wangu," nikamjibu, tena kwa sauti ya ukarimu.

Mzee Ngasa alikuwa nyuma yangu. Akangoja Shija aende, akaniuliza taratibu, "Mabao yako ya msimu huu, nani alikuwa anakupa mpira?"

Nikahesabu kichwani. Karibu yote, Shija.

"Basi yarudishe magunia ulikoyatoa," akasema. "Na wenzako uwaambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Kesho yake nikawaambia. Nusura wanile mbichi. Wakanivua ukapteni wakampa Shija, na faini yangu ikawa kulima mashamba yao manne kabla ya kugusa la kwetu. Mikono iliota malengelenge makubwa kama mayai ya kanga. Siku ya tatu Shija akaja na jembe lake, akashika tuta la pili. Tukalima hadi jua likawa utosini.

Mwanangu, wivu utakuja, hata mimi na mvi hizi bado hunipigia hodi. Ukija, usiupe kazi ya kufanya. Nenda kwa huyo anayekuzidi umsifu kwa mdomo wako, hata maneno yakikukwaruza koo, kisha umwombe akufundishe. Na ukikosa, usikubali mwenzio akuombe radhi kwa kosa lako, maana hilo liliniuma kuliko kuvuliwa ukapteni.

Mungu akupe wenzako wanaokushinda, akupe na moyo wa kuwapigia pasi.